Mashine ya barafu ya friji imegoma, fundi anasema ni sensa ya joto. Ninunue au nipime kwanza?

#1 SharubatiMbezi

Wakuu, habari za jioni.

Nina friji kubwa ya milango miwili inayofunguka pembeni, ile yenye mashine ya barafu ndani ya friza na bomba la maji nyuma. Niliinunua ya mtumba, imetokea Dubai. Imenitumikia vizuri sana na naitegemea, maana natengeneza sharubati za oda, na kwa joto hili la Dar ukwaju usio na barafu mteja anakurudishia.

Tatizo ni hili. Friza inagandisha kama kawaida, nyama na samaki havina shida. Trei ya mashine inajaa maji, yanaganda, halafu basi. Haigeuki kumwaga. Siku nyingine inafanya kinyume chake, inageuka mapema mno, vipande vinatoka na ngozi nyembamba ya barafu huku ndani ni maji, vinapasukia kwenye ndoo na kushikana kuwa bonge moja. Kwenye kioo cha mlango inamulika alama ya hitilafu, na kitabu chake kinasema ni ya sensa ya mashine ya barafu.

Fundi alikuja, akasoma alama, hakupima chochote. Akasema sensa imekufa, nimpe hela akaifuate Kariakoo. Bei aliyotaja imenishtua.

Naomba kujua: alama ikisema sensa, basi ni sensa kweli? Na mtu anaweza kuipima mwenyewe nyumbani?

#2 TabataBima

Nakaa hapa nisubiri wajuzi. Ya kwangu nayo imeanza kununa.

#3 Dogo wa Temeke

Friji inajimwagia barafu yenyewe! Huku kwetu tunagandisha kwenye vikopo vya mtindi, tunagongea ukingoni mwa sinki, barafu hiyo. Mbezi mna mambo. Ila pole dada, biashara ni biashara.

#4 Nyaya Tatu

Dada, hela usitoe bado.

Hiyo sensa ni themista, kidude kidogo kuliko punje ya harage, kimebanwa chini ya trei na sponji juu yake ili kihisi joto la trei na siyo la hewa ya friza. Joto likishuka ukinzani wake (jinsi kinavyozuia umeme kupita) unapanda, joto likipanda ukinzani unashuka. Bodi, yaani ubao wa umeme unaoiongoza friji, inapitisha umeme mdogo, kwa kawaida volti 5, inasoma volti iliyobaki na kutoka hapo inajua trei ina nyuzi ngapi. Trei ikifika baridi inayotakiwa, na muda uliopangwa ukapita, bodi inaamuru mota igeuze trei.

Sasa shika hili: bodi haiioni sensa. Inaona volti tu zinazofika kwake. Waya ukikatika itasoma karibu volti 5 nzima, italeta alama ya sensa. Waya mbili zikigusana itasoma sifuri, italeta alama ileile. Konekta ikiliwa na kutu hadi mguso upotee, alama ileile. Alama inakwambia kwamba kuanzia bodi hadi chini ya trei kuna mahali pabovu, haikwambii ni wapi.

Kupima ni rahisi. Chomoa friji ukutani kwanza, usizime swichi tu, chomoa. Toa ndoo ya barafu, fungua mashine (mara nyingi ni skrubu chache), tafuta konekta (kiungio cha waya) yenye waya mbili nyembamba zinazokwenda chini ya trei. Itenganishe. Weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini mbili za upande wa sensa. Andika namba. Halafu jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, acha itulie. Hapo una nyuzi sifuri bila kununua kipimajoto. Tumbukiza ncha ya sensa, subiri namba itulie, andika. Kisha ikamate kwa vidole uone kama namba inashuka taratibu bila kuruka.

Sensa nyingi za majumbani ni za omu 5,000 au omu 10,000 zikiwa kwenye nyuzi 25. Ya 5,000 kwenye maji ya barafu itakupa kama 13,000 hadi 17,000. Ya 10,000 itakupa kama 27,000 hadi 33,000. Mita ikikuonyesha njia imekatika kabisa, au karibu na sifuri, hapo fundi wako alibahatisha akapatia.

#5 Mama Zuhura

Namuunga mkono Nyaya Tatu na naongeza kisa changu. Kwangu sensa ilibadilishwa bila kupimwa. Alama ikapotea, tukashangilia. Kumbe kuanzia siku hiyo mashine inamwaga maji matupu, ndoo nzima inakuwa bwawa. Nikaita fundi mwingine, huyu akapima zote mbili, ya zamani na mpya. Mpya ilikuwa ya omu 10,000, friji inataka ya 5,000. Umbo lilelile, waya rangi zilezile.

Dada, ile ya zamani usikubali iondoke nyumbani kwako kabla hujapata inayofanana nayo kwa namba.

#6 Kijana wa Spea

Mama Zuhura kasema jambo ambalo sisi wauzaji tunalia nalo kila siku. Mtu anakuja Kariakoo na picha kwenye simu, anasema "nipe kama hii". Picha haina omu. Njoo na sensa yenyewe mkononi, au njoo na namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko ndani ya mlango.

Na mjue kinachotokea ukikosea. Bodi ya 5,000 ukiipa sensa ya 10,000, itadhani trei ina baridi zaidi ya ilivyo kwa kama nyuzi 15. Maji hayajaanza kuganda vizuri, yenyewe inaona barafu tayari, inamwaga. Hapo watu wanabadilisha mota, wanabadilisha bodi, na kosa ni kidude cha bei ndogo.

Mleta mada, kama bei aliyotaja imekushtua, huenda anakuuzia mashine nzima na siyo sensa. Kwenye baadhi ya modeli sensa haiuzwi peke yake, inakuja imeshikana na trei na mota. Muulize.

#7 Mzee wa Tenki

Nimesoma yote. Wote mnazungumza umeme, hakuna aliyeuliza maji. Dada, maji yako yanatoka wapi? Hizi friji zinataka presha. Tenki likiwa kwenye mnara wa mita 3 unapata kama bar 3 za presha, hapo inatosha. Lakini kama tenki liko chini, vali ya friji inafunguka muda wake uleule, maji yanaingia nusu, barafu inatoka mbovu. Sensa inasingiziwa.

#8 Mpiga Mita

Mzee wa Tenki, shikamoo. Hapo kwenye presha naomba nirekebishe. Mita 10 za maji ndizo zinazotoa karibu bar 1. Mnara wa mita 3 unatoa bar 0.3 tu. Friji nyingi za aina hii zinaandikwa zinahitaji angalau psi 20, ambayo ni kama bar 1.4. Kwa tenki tupu bila pampu ungehitaji liwe juu ya friji kwa mita 14. Hiyo ni ghorofa ya nne na zaidi.

#9 Mzee wa Tenki

Marahaba kijana. Hesabu yako ni sawa na inanipa nguvu zaidi. Nyumba ngapi za Dar zina mnara wa mita 14? Karibu zote tunaishi kwa tenki la mnara mfupi. Bila pampu ya kusukuma hizi mashine za barafu zinafanya kazi kwa huruma.

#10 Nyaya Tatu

Mzee, maji yakiwa machache vipande vinakuwa vidogo, lakini vinaganda haraka zaidi na havibaki na maji ndani. Yeye kasema trei inajaa na vipande vina ngozi juu, maji ndani. Hiyo ni kumwaga kabla ya wakati.

#11 Mzee wa Tenki

Soma tena. Vali nyingi zinasaidiwa kufunga na presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa dhaifu vali haikai sawasawa, inadondosha tonetone baada ya kujaza. Maji ya moto ya Dar yanaingia kwenye trei iliyoanza kuganda, hata trei inachelewa kufika baridi inayotakiwa. Hapo utasema nini?

#12 Nyaya Tatu

Nitasema hilo linaeleza kutomwaga. Halielezi kumwaga mapema, wala alama ya sensa. Lakini vali inayodondosha ipo, nimeikuta. Dada, angalia kama kwenye mdomo wa bomba la kujazia kuna barafu imening'inia. Ikiwepo, mzee ana hoja.

#13 Bahari Ndogo

Mnabishana na jibu liko hewani. Mbezi ipi, dada? Kama ni ya chini kuelekea baharini, ni chumvi. Mimi niko Kunduchi na kila kitu cha chuma ndani ya nyumba yangu kinaota kijani. Hata rimoti ya tivii inaliwa pale kwenye betri. Konekta ya sensa inakaa mahali ambapo kila ukifungua mlango hewa yenye unyevu inaingia, inageuka umande, umande unaganda, mashine inapojipasha unayeyuka tena. Ongeza chumvi. Pini ndogo zile zitapona vipi?

Tena kutu inaleta dalili zote mbili. Pini zikiliwa, ukinzani unaongezeka njiani, bodi inasoma baridi ya uongo, inamwaga mapema. Lakini unyevu wenye chumvi ukitanda kati ya pini mbili, umeme unapata njia ya mkato, ukinzani unashuka, bodi inasoma joto la uongo, haimwagi milele. Leo hivi, kesho vile, kulingana na unyevu. Ndicho kinachomtokea dada.

#14 TabataBima

Bandiko #13 limenifungua macho. Mimi siko karibu na bahari lakini naona ukungu ule ule kwenye konekta.

#15 Fundi Baridi Ubungo

Wakuu, kabla ya sensa tazameni friji yenyewe iliumbwa kwa wapi. Kwenye kibandiko kuna herufi za hali ya hewa. SN ni nyuzi 10 hadi 32 za chumba, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Hapa kwetu Desemba mpaka Machi jikoni panapita 32 bila kuwasha jiko. Friji ya SN au N hapo inahema mchana kutwa. Friza inayotakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki 10 au 9 chini. Nyama bado utaiona imeganda, lakini mashine ya barafu haifikii kipimo chake, inasubiri tu. Nimekuta nyingi za namna hii zimebadilishwa sensa bure.

Jambo la pili, soma hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Dubai ni 50 kama sisi. Lakini mitumba ya Ghuba inachanganyika, Saudia wanatumia 60. Friji ya 60 ukiichomeka kwetu kompresa ya kawaida inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 17. Zile za Marekani za volti 115 ndiyo kabisa, watu wananunua transfoma wanadhani wamemaliza. Transfoma inabadilisha volti, hezi inaziacha vilevile.

#16 Chanika Juu

Tunaongea barafu na mimi nimekumbuka soko la samaki la Feri asubuhi, barafu ya samaki inavyopondwa na kumwagwa kwenye matenga. Dada, siku za oda kubwa si unanunua barafu tu, friji ipumzike?

#17 Mama Zuhura

Chanika, barafu ya samaki siyo ya kunywa. Usimpeleke mwenzio kwenye kuharisha wateja.

#18 SharubatiMbezi

Nawashukuru sana wote. Nimeazima mita kwa jirani na kaka yangu kanisaidia kufungua.

Niko Mbezi Beach upande wa chini. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, yanapita kwenye filta, na pampu ipo. Kibandiko cha friji kinasema T, volti 220 hadi 240, hezi 50. Kwenye mdomo wa bomba la kujazia hakuna barafu iliyoning'inia. Fundi nimemuuliza, kumbe kweli bei ile ilikuwa ya mashine nzima.

Sensa ikiwa nje, mezani: omu 4,100. Kwenye glasi ya barafu na maji: omu 16,200. Nikiishika inashuka taratibu, hairuki. Konekta ina rangi ya kijani kwenye pini moja.

#19 Dogo wa Temeke

4,100 na siyo 5,000. Imekufa hiyo, kanunue.

#20 Mpiga Mita

Dogo, 5,000 ni kwenye nyuzi 25. Jikoni Mbezi saa hizi ni nyuzi 25 kweli? Kwenye nyuzi 30 sensa ya 5,000 inasoma karibu 4,000 na kidogo. Na 16,200 kwenye sifuri iko ndani ya namba alizotoa Nyaya Tatu. Sensa hii ni nzima kwa vipimo hivi viwili.

#21 Chanika Juu

Lakini glasi yake ina maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi inashusha nyuzi za kuganda. Kipimo hakiaminiki.

#22 Mpiga Mita

Hoja nzuri, ila angalia ukubwa wake. Hata maji ya bahari yenyewe yanaganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Maji ya kisima anayoyaita ya chumvi kidogo yatapotoka kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja. Kwa kazi hii haibadilishi jibu.

#23 Bahari Ndogo

Kijani kwenye pini. Niliandika #13.

#24 Nyaya Tatu

Bahari Ndogo, nakupa heshima yako, ila tusikimbie. Sifuri siyo joto la kazi. Kuna sensa inayopima vizuri kwenye sifuri, halafu ikifika nyuzi 15 chini inakatika kwa sababu ufa wa ndani unafunguka inaposinyaa. Au unyevu umeingia chini ya gundi iliyofunika ncha. Mezani huwezi kuliona hilo.

Dada, fanya hivi. Safisha pini kwa spiriti na mswaki laini, kausha kabisa. Kama pini imeliwa sana, kata konekta, unganisha waya kwa lehemu, funika kila waya kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, kisha silikoni juu. Usifunge kwa selotepu, ndani ya friza inaachia. Rudisha sensa mahali pake ikigusa trei barabara na sponji yake juu. Ikining'inia hewani itasoma baridi ya friza badala ya ya trei, na utaendelea kupata vipande vya maji.

Na tafadhali, barafu iliyoganda pembeni usiichokoe kwa kisu wala usiisogezee moto. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, na gesi hiyo inawaka.

#25 SharubatiMbezi

Mrejesho. Kaka kakata konekta, kaunganisha kwa lehemu kama ulivyosema. Tulisubiri siku nzima ipoe. Usiku imemwaga barafu nzuri, ngumu, vipande vizima. Alama imezimika. Nilifurahi sana.

Ila leo mchana alama imerudi. Usiku tena ikaondoka yenyewe na ikamwaga.

#26 Fundi Baridi Ubungo

Mchana. Joto la chumba, kama nilivyosema.

#27 Mpiga Mita

Fundi, friji yake ni T, imetengenezwa kuhimili hadi 43. Na joto la chumba halileti alama ya sensa, linaleta uchelewaji tu.

#28 Mzee wa Tenki

Mchana ndipo pampu inapowashwa-washwa. Pampu ikivuta, umeme wa nyumba unashuka. Dada, friji iko laini moja na pampu?

#29 SharubatiMbezi

Shikamoo mzee. Ndiyo, laini moja, na stebilaiza (kile kifaa cha kutuliza umeme) ilihamishiwa kwenye tivii.

#30 Nyaya Tatu

Stebilaiza irudi kwenye friji leo hii, hata kama siyo yenyewe iliyoleta tatizo. Lakini bodi inajitengenezea volti 5 zake, umeme ushuke kiasi gani mpaka izikose? Mimi naona waya. Kutoka kwenye mashine hadi bodi ya nyuma waya unapita ndani ya povu la ukuta wa friji. Mchana mlango unafunguliwa kila saa, joto la ndani linapanda na kushuka, waya wenye nyufa unaachia na kushika.

#31 Bahari Ndogo

Au kutu iko upande wa pili, kwenye konekta ya bodi nyuma. Umesafisha mwisho mmoja tu wa njia.

#32 Kijana wa Spea

Au sensa yenyewe, ule ufa wa #24. Kama ni ya 5,000 ninayo, ila sitaki kukuuzia kwa kubahatisha.

#33 Nyaya Tatu

Sawa, tutenganishe. Dada, subiri alama iwake mchana. Hapohapo chomoa friji, fungua kifuniko cha nyuma, usiguse kitu kingine chochote, toa konekta ya sensa kwenye bodi na upime omu kutoka huko, trei ikiwa bado na baridi. Ikija namba kubwa kupita kiasi au njia imekatika, kaka yako autikise waya huku wewe ukitazama mita. Ikija namba inayoeleweka, kati ya 20,000 na 45,000 hivi, basi njia ni nzima na tuangalie konekta ya bodi, umeme na bodi yenyewe. Tuletee namba na saa uliyopima.

#34 SharubatiMbezi

Sawa mkuu. Kesho kuna oda ya shughuli, nitapima Jumapili mchana nikiwa na kaka. Stebilaiza nimesharudisha.

#35 TabataBima

Nami Jumapili napima ya kwangu. Yangu imo mlangoni, siyo ndani ya friza. Waya zinapitia kwenye bawaba. Nizitazame hapo kwanza?

#36 Mpiga Mita

Hapo hapo. Waya zinazopita kwenye bawaba zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa. Anzia huko kabla hujagusa sensa.